Mbolea ya Majani

Tangi la samaki lisilo na harufu ni tangi la uongo. Mwezi uliopita jino lilinipeleka kwa daktari mmoja mjini Embu, na pale wagonjwa wanapongojea zamu wakiwa wameshika mashavu palikuwa na tangi la kioo lenye samaki watatu wekundu na msitu mzima wa plastiki. Nilisogeza pua mpaka ukingoni mwa maji nikanusa. Yalinuka kama glasi iliyooshwa. Msichana wa mapokezi alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akinusa viatu vya kanisa zima.

"Ni nini, mathe? Kuna kitu imekufa huko?"

"Huku hakujawahi kuishi kitu," nikamwambia.

Alicheka kwa adabu, akanieleza kwamba mimea ile ni mizuri kwa sababu haisumbui. Unaitoa, unaipiga brashi na sabuni, unairudisha. Haisumbui. Nimezunguka sana, na nimeona kwamba watu hulitumia neno hilo wanapotaka kusifu kitu ambacho hawakipendi: mume asiyesumbua, mpangaji asiyesumbua, mtoto asiyesumbua.

Tangi lenye mimea hai husumbua, na hunuka. Hunuka kama shamba la nduma, yale magimbi ya kinamasini, mvua inapokatika: tope, tango lililokatwa, chuma kidogo, na kwa mbali utamu wa jani linalooza mahali usipopaona. Harufu hiyo ilikaa sebuleni mwetu majuma manne nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila nikiikumbuka humkumbuka baba yangu na tai yake.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Embu. Kazi yake ilikuwa kupiga mihuri karatasi za watu waliopanga foleni tangu alfajiri, na aliipiga kwa uzito, kana kwamba wino ule ulitoka katika mishipa yake mwenyewe. Alizaliwa Kanja, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania miguu ya kila mtu, lakini mfukoni alikuwa na kitambaa cha kujifutia viatu kila alipotoka huko. Akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Hapa tu, upande wa juu," kana kwamba Kanja ni ghorofa. Alivaa tai hata Jumamosi. Na alisoma karatasi kwa namna ya makarani wote niliowahi kukutana nao: mstari wa kwanza ili ajue inamhusu nani, halafu sahihi ya chini ili ajue aogope kiasi gani.

Mimi naitwa Wawira, jina la mama yake. Ndiyo desturi yetu: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na baba mwenyewe humwita bintiye Mami, maana kwa jina ni mama yake huyo. Kwa hiyo baba aliponituma chumvi alikuwa akimtuma mamake, na aliponikemea ilimbidi ateremshe sauti. Nilifurahia sana mpango huo. Sidhani kama yeye aliufurahia.

Mkubwa wake wa kazi, Bwana Nyaga, alipata uhamisho kwenda Nairobi. Nyumba ya huko ilikuwa haijawa tayari, na alikuwa na tangi la samaki ambalo halingeweza kukaa katika chumba cha kupanga. Akamwomba baba amtunzie. Hakumwomba kwa sababu alimwamini. Alimwomba kwa sababu baba ndiye aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Lakini jioni hiyo baba aliingia nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa bendera ya taifa.

"Mama Wawira," alimwambia mama, "unajua maana ya mtu mkubwa kukuachia kitu chake?"

"Maana yake hana pa kukiweka," mama alisema, mikono yake ikiwa kwenye unga.

"Maana yake atakirudia. Na akikirudia, atanikuta."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Bwana Nyaga angekuja kuchukua tangi, angekuta samaki wamenenepa na mimea imenawiri, moyo wake ungejaa, angerudi Nairobi aandike barua, na barua hiyo ingemhamisha baba mpaka kwenye ofisi ya Nairobi yenye lifti. Alituambia jambo hilo wakati wa chakula, si mara moja. Alishaanza kumuuliza mama kama kochi letu lingepita katika ngazi za nyumba za huko. Kila jani lililokuwa ndani ya tangi lile lilikuwa mstari wa barua hiyo.

Tangi lilikuja kwa pikapu. Samaki wanne walikuwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, changarawe kwenye gunia, na mimea ilikuwa imeviringishwa kwa magazeti mabichi ndani ya beseni, kama sukuma wiki ya soko la jioni. Pamoja nayo ilikuja karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Baba alisoma mstari wa kwanza na jina la chini, akaibandika ukutani, akavua koti, akaipanda mimea yote kama anavyopanda viazi mtu anayechukia viazi. Alichimba shimo, akasukuma, akafukia, akasonga mbele.

Mimi nilisoma kurasa zote mbili. Nilisoma kila kitu siku hizo: gazeti lililofunga nyama, kibati cha rangi, tangazo la mazishi lililobandikwa juu ya tangazo lingine la mazishi. Shuleni nilikuwa nasimamishwa gwarideni kuwasomea wageni. Karatasi ile iliniambia mambo ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeyajua. Ile mimea mirefu kama nyasi ilitaka kupandwa shingo ikiwa nje. Ile myekundu yenye vijiti ilitaka kukatwa vichwa na vichwa kupandwa tena, sawasawa na viazi vitamu. Na ule mmoja mnene, wenye majani magumu kama ya nduma ndogo, haukutaka kufukiwa kabisa. Ulikuwa na shina linalotambaa, nalo likifukiwa linaoza. Ulitakiwa kufungwa kwenye jiwe kwa uzi mpaka mizizi yake ishike yenyewe.

Kesho yake, baba alipokwenda kazini, niliufukua, nikaufunga kwenye jiwe la mtoni kwa uzi mweusi wa mama wa kushonea sare. Aliporudi alisimama mbele ya kioo.

"Nani amefunga mmea wa Bwana Nyaga kama mbuzi?"

"Karatasi imesema, Baba."

"Karatasi imesema nini?"

Alivaa miwani, akaenda ukutani, akasoma. Nilimwona akishuka mstari hadi mstari, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuichukia karatasi. Alipomaliza alikunja miwani polepole, akasema, "Mami, basi wewe ndiye utaangalia hiyo kitu." Kwa njia hiyo mikono ya shati lake ilibaki mikavu, na mimi nikapata kazi ya kwanza niliyoipenda.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua zikinyesha kila alasiri. Asubuhi niliwasha taa ya tangi, nikafuta ute wa kijani ndani ya kioo kwa kipande cha gunia. Maji ya mfereji niliyaacha kwenye ndoo siku nzima ili ile dawa ya mfereji itoke, ndipo nikayamimina. Machafu niliyavuta kwa mpira, nikinyonya kwanza kwa mdomo ili yashuke, na mara mbili niliyameza. Yalikuwa na ladha ya kucha. Nilijifunza kuwatoa konokono mmoja mmoja, kuchagua jani lililozeeka na kulikata chini kabisa bila kuumiza jirani yake. Na karibu na saa nne, taa ikishapasha maji, mimea ilianza kutoa vipovu. Vilikaa kwenye kingo za majani kama shanga, vikakua, vikaachia, vikapanda juu kimoja kimoja bila haraka. Nilimuuliza baba vinatoka wapi. Akasema ni hewa tu. Nilimuuliza hewa imeingiaje ndani ya jani lililo ndani ya maji. Akasema nimpe mama mkono jikoni.

Juma la tatu, ule mmea wa kwenye jiwe ulianza kufa. Ndivyo tulivyoona. Majani yake magumu yaligeuka manjano, yakatoboka, kisha yakawa laini ya kuonyesha upande wa pili, kama karatasi iliyofunga mandazi. Ile myekundu nayo ikaangusha majani ya chini. Baba sasa alikuwa akija kutoka kazini moja kwa moja mpaka kwenye tangi, bila kusalimu, akihesabu yaliyoanguka.

Wakati huo Cucu, mama yake baba, aliteremka kutoka Kanja kuja hospitalini kuangaliwa macho. Alikuja na kiondo cha nduma zilizochemshwa, ambazo baba aliamuru zipelekwe jikoni kabla jirani hajaingia. Cucu alizunguka tangi lile mara moja, kama mtu anayenunua ndama.

"Wawira, hii ni nini?"

"Ni shamba la samaki, Cucu."

"Na samaki wanalima nini?"

Nilimwonyesha mmea unaokufa. Alikunja mkono wa sweta, akauzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, baba akiguna nyuma yake, akalibonyeza shina kwa kidole gumba.

"Shina ni gumu," alisema. "Nduma ikihamishwa hulia kwanza. Usiihamishe tena, na usiibembeleze. Iache ilie."

"Mama, hiyo si nduma," baba alisema. "Hiyo ilitoka ng'ambo."

"Kwani ng'ambo hakuna tope?"

Baba alicheka kicheko chake cha ofisini, kile cha kumwambia mtu kwamba dirisha limefungwa. Lakini siku nne baadaye, katikati ya mashina yale yaliyochakaa, niliona kitu kimejikunja kama karatasi ya sigara, cha kijani kibichi sana, kidogo kuliko punje ya mchele. Lilikuwa jani jipya. Na lilikuwa tofauti na ya zamani, jembamba zaidi, kana kwamba mmea ulikuwa umeelewa sasa unaishi wapi. Nilimvuta baba kwa mkono aje aone.

"Bwana Nyaga hatatoka Nairobi kuja kuona punje ya mchele," alisema. Alikuwa amepigiwa simu. Bwana Nyaga angekuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi alirudi mapema akiwa na chupa ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa amepita kwenye agroveti, akamweleza muuzaji kwamba ana majani yanayogeuka manjano na anataka yarudi kijani upesi. Muuzaji, ambaye kutwa nzima alihudumia wakulima wa mishiri, yale maharagwe ya kuuzwa ng'ambo, alimpa wanachotumia wao: mbolea ya majani. Kila mtoto wa Kanja anajua mbolea ya majani ni nini. Ni ile ya kunyunyiziwa juu ya majani kwa pampu ya mgongoni, ili jani linywe lenyewe bila kungojea mizizi. Baba, mwana wa mkulima na mjukuu wa mkulima, alikuwa amelikimbia jembe mpaka akasahau lugha yake. Alisikia kwamba ni mbolea ya kitu kinachoitwa majani, na ndani ya tangi la Bwana Nyaga kulikuwa na nini kama si majani?

Mimi pia sikusema neno, na nitaeleza kwa nini. Ilikuwa chupa mpya, na ilikuwa na maandishi pande zote, nami nilitaka tu kuyasoma.

Miwani yake ilikuwa imebaki ofisini. "Mami, nisomee."

Nilisimama katikati ya sebule kama gwarideni, visigino pamoja. Nilisoma jina, nikasoma sifa zake zote, nikasoma, "Tikisa kabla ya kutumia. Kifuniko kimoja kwa lita ishirini za maji."

"Tangi ni lita ngapi?"

"Mia moja. Vifuniko vitano, Baba." Nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla hajauliza.

Alitia vitano. Halafu akatia cha sita, kwa heshima ya Bwana Nyaga.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa na rangi ya maji ya mchele, na samaki wote wanne walikuwa juu kabisa, midomo nje, wakimeza hewa. Nilitoa maji, nikatia mengine, nikatoa tena, mpaka ndoo zikaniishia. Saa sita walikuwa wamelala ubavu. Mimea, nawaapia, haijawahi kupendeza hivyo. Majani yalisimama, yaking'aa, kama watu waliovaa nguo mpya kwenye mazishi.

Baba alikuja saa ya chakula. Alivuta kiti, akainama, akanusa maji. Kisha akaniuliza, "Umefanya nini?"

Hakuuliza kama mtu anayetaka jibu. Aliuliza kama mtu anayejaribu kiatu dukani, aone kama kinamwenea.

"Mimi? Sijafanya kitu, Baba."

"Si wewe ndiye mwangalizi?"

Kilimwenea. Nilikiona kikimwenea. Mama alikuwa mlangoni na taulo begani, naye pia alikiona, akarudi jikoni.

Jumamosi Bwana Nyaga alikuja na mkewe. Kulikuwa na chai ya maziwa matupu na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Baba alizungumza kwa Kiswahili chake cha mkutano.

"Bwana Nyaga, nina aibu kubwa sana. Nilijitahidi, mke wangu ni shahidi. Lakini huyu mtoto, kwa utundu wake, alimwaga kitu ndani ya maji tukiwa hatupo. Wawira. Njoo hapa."

Hakuwahi kuniita hivyo, tangu nizaliwe. Nilidhani anamwita Cucu.

"Piga magoti umwombe Bwana Nyaga msamaha."

Nilimtazama mama. Alikuwa akimmiminia mgeni chai kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa. Nilipiga magoti juu ya sakafu tuliyoing'arisha asubuhi kwa ajili ya wageni, nikasema, "Nisamehe, Bwana Nyaga. Ni mimi niliwaua samaki."

"Basi, basi. Amka, msichana," Bwana Nyaga alisema. "Ni samaki tu. Si wanauzwa?"

Mkewe akauliza kama mkate ule tuliuoka wenyewe.

Walibeba kioo, taa, na gunia la changarawe. Kuhusu mimea alisema, "Hayo majani mtayatupa." Mama aliyatupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, jiwe likiwa bado limefungwa kwa uzi wake. Barua haikuandikwa, wala sidhani kama Bwana Nyaga aliwahi kujua kwamba kulikuwa na barua. Baba alikaa kwenye meza ileile, akapiga mihuri ileile, mpaka siku ya kustaafu.

Mama alimweleza Cucu. Sijui alimweleza lini, lakini baada ya majuma mawili Cucu aliteremka bila kiondo, akaingia sebuleni, akakataa kukaa.

"Nasikia uliniita kwa jina langu mbele ya wageni," alimwambia baba, "ukanipigisha magoti."

"Mama, alikuwa ni mtoto."

"Mtoto gani? Mtoto huyo anaitwa nani?"

Mama alileta chai. Cucu aliitazama, akasema ameshiba, akaondoka kwa miguu kuelekea stejini kungojea matatu. Kwetu mtu akikataa chai ya nyumba yako bila ugonjwa, afadhali angekutukana. Baba alivua tai siku hiyo mapema. Hakuniita Mami tena, wala hakuniita Wawira. Aliniita "wewe."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kudharau, na niwaambie ukweli, ni ujuzi unaoshika upesi kuliko kushona. Nilimdharau baba kwanza, kisha mama na birika lake. Halafu macho yangu yakazoea, nikaanza kuwaona wengine. Mwalimu wa kemia aliyetusomea daftari la mwaka uliopita bila kujua maana yake. Mzee wa kanisa aliyeimba kwa sauti zaidi kila sahani ya sadaka ilipomkaribia. Niliacha shule kidato cha pili. Watu hudhani nilikosa karo. Nilichoka tu kuwasikiliza watu ambao walikuwa wakijaribu viatu.

Tangu hapo nimepakia mchanga Kiritiri, nimefungasha miraa Maua, nimepika chapati Isiolo, nimeishi mwezi mzima na wachoma makaa ili nijue kwa nini tanuru lingine hutoa majivu na lingine hutoa makaa kwa kuni zilezile. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi huondoka. Kila nilipoondoka, nilikuwa nimempata wa kumdharau, na dharau ile ilinitosha nauli ya moyo mpaka mji unaofuata. Chini ya zote kulikuwa na ile ya kwanza, safi, isiyo na doa: nilisingiziwa nikiwa mtoto, nami sikuwa na kosa.

Mwaka juzi nilirudi Kiritiri, nikapata kazi katika agroveti. Mchana mmoja wa jua kali, duka likiwa tupu, nilikuwa nikipangusa vumbi rafuni nikaikuta chupa ileile. Walikuwa hawajabadilisha hata picha ya harage. Nikaisoma, maana mimi husoma kila kitu. Jina, sifa, tikisa kabla ya kutumia, kifuniko kimoja kwa lita ishirini. Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo, Kiingereza kisha Kiswahili: isimwagwe mtoni, bwawani, wala mahali popote penye samaki.

Nilikaa juu ya gunia la chakula cha kuku. Ningependa kuwaambia kwamba maneno yale hayakuwepo zamani. Yalikuwepo. Sikuyakumbuka maneno yenyewe. Nilikumbuka jicho langu likiyaruka. Yalikuwa madogo, hayakuwa na hesabu ndani yake, na baba alikuwa amenyoosha mkono akingojea, nami nilitaka aone kwamba najua kugawanya mia kwa ishirini. Msomaji wa kila kitu, msichana wa gwarideni. Nilisoma kama karani.

Kwa hiyo ungamo lile lilikuwa la kweli. Nililisema nikijua ni uongo, baba alinilazimisha nilichodhani ni uongo, na wote wawili tulikuwa tumesema ukweli bila kujua, mbele ya mtu ambaye hakujali. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeishi kwa mtaji wa kusingiziwa, na mtaji haukuwa wangu.

Juma hilohilo nilipanda Kanja, ambako wazazi wangu walirudi kuishi baba alipostaafu. Cucu alishafariki. Mama alikuwa sokoni. Baba nilimkuta chini, kwenye kinamasi kando ya kijito, suruali imekunjwa mpaka magotini, tope mpaka vidoleni, akizing'oa nduma na kuyakata majani ili apande mashina. Alikuwa mkulima mbaya. Mistari yake ilipinda kama sahihi. Hakusimama aliponiona. Nilibaki ukingoni na viatu vyangu.

"Baba, nimekuja kukwambia kitu. Ile chupa, nilikusomea nusu."

"Chupa gani?"

"Unaijua."

Alikata jani, akalitupa, akakata lingine.

"Ilikuwa imeandikwa pale chini isitiwe kwenye samaki," nikasema. "Nilipaona, nikaparuka."

Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Hukuruka. Ulikuwa bado unasoma. Mimi ndiye niliyekunyang'anya mkononi kabla hujamaliza."

"Mimi sikumbuki hivyo."

"Ulikuwa mtoto, Mami."

Nimewasikia waongo wengi, na baba nilimjua kuliko wote. Akidanganya huinua kidevu. Lakini siku hiyo alikuwa ameinama topeni na kidevu sikukiona. Kama alisema kweli, basi alijua tangu siku ile ni nani aliyewaua samaki, na alinipigisha magoti akijua. Kama alidanganya, basi ulikuwa uongo wa kwanza maishani mwake ambao haukumletea faida yoyote. Maswali mawili yangetosha. Ningemuuliza alisimama upande gani wa tangi. Ningemuuliza alikuwa ameshika nini mkono wa pili. Mimi niliyewahi kuacha kazi nzuri ili nifuate mto nione unaishia wapi, nilikuwa nayo maswali hayo tayari mdomoni.

Utotoni nilidhani kujua na kudharau ni kitu kimoja, kwamba ukishamwona mtu mpaka ndani huna budi kumtema. Nilipokuwa nimesimama pale ukingoni nilielewa kwamba baba alikuwa amenipa kitu, chema au kibovu, na kwamba nikikifungua nione kilivyoundwa sitaweza kukifunga tena.

Nilimuuliza kama kuna jembe lingine.